Wawili Melini: Mwongozo Kamili wa Safari ya Bandari Kongwe za Bahari ya Baltiki

Wanaoniuliza kuhusu safari hii karibu wote huanza na meli: ipi kubwa, ipi ina mabwawa mengi ya kuogelea, ipi inasifiwa kwa chakula. Mimi huwarudisha kwenye maswali mawili: meli itafunga gati wapi, na itakaa hapo saa ngapi? Meli ni malazi na usafiri. Mnachokifuata mke na mume kule kaskazini ni miji: Copenhagen, Stockholm, Tallinn, Helsinki, Gdańsk, Lübeck. Ni miji iliyojengwa kwa biashara ya chumvi, samaki, nafaka, mbao na nta, na mitaa yake bado inasomeka kwa miguu. Mtu anaweza kulipia meli nzuri ajabu, akarudi nyumbani ameona maegesho ya mabasi tu.

Mimi na mke wangu tulikwenda mwezi Juni, tukiadhimisha miaka 20 ya ndoa, kwa akiba tuliyoikusanya kidogo kidogo kwa miaka minne. Haya hapa chini ni yale tuliyotamani mtu angetuambia mapema, kwa mpangilio wa kuyatenda.

Hatua ya 1: Chagua njia, soma majina ya bandari kwa makini

Msimu ni kuanzia Mei hadi Septemba. Mzunguko wa kawaida wa usiku 7 hadi 12 huanzia Copenhagen, au bandari ya Ujerumani kama Kiel au Warnemünde, ukapita Polandi, Estonia, Ufini na Uswidi, kisha ukarudi ulikoanza. Ukikuta tangazo linalotaja St. Petersburg, jua ni la zamani. Kampuni kubwa ziliiondoa bandari hiyo kwenye ratiba tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022.

Sasa chukua kalamu. Kwenye ratiba, jina la mji mara nyingi si jina la gati. Palipoandikwa “Berlin”, meli inafunga Warnemünde, na kutoka hapo hadi Berlin ni karibu saa tatu za barabara au reli kwenda, na nyingine tatu kurudi. Sisi Berlin tuliiacha, wala hatujutii. “Gdańsk” mara nyingi ni Gdynia, bandari jirani, ila treni za mjini zipo na safari haichoshi. “Stockholm” inaweza kuwa katikati ya mji kabisa, au ikawa Nynäshamn, kama kilomita 60 kusini. Tofauti hiyo moja inakula saa mbili hadi tatu za siku yenu. “Lübeck” ni Travemünde, mdomoni mwa mto Trave, na treni ndogo inakufikisha mjini kwa kama nusu saa. Tallinn ndiyo iliyobarikiwa: mkishuka ngazi ya meli, ukuta wa mji mkongwe mnauona kwa macho yenu, na mnaufikia kwa miguu.

Baada ya majina, hesabu saa. Stockholm chini ya saa nane ni kujidhulumu. Tallinn inakubali saa sita. Angalia pia kama meli itatia nanga nje na kuwashusha kwa boti ndogo, maana foleni ya boti hizo huweza kula saa nzima asubuhi.

Kuhusu mwezi, mimi nasema Juni. Mwishoni mwa mwezi huo jua la Stockholm linazama kupita saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, na katikati yake anga halipati giza la kweli. Mnakaa sitahani saa tano usiku mnasoma gazeti bila taa. Agosti mwishoni bei hushuka kidogo na watu hupungua mitaani, lakini ile nuru hamtaipata.

Hatua ya 2: Piga hesabu yote, bei ya tangazo usiiamini peke yake

Bei hutangazwa kwa mtu mmoja, kwa sharti kuwa wawili mnalala chumba kimoja, kwa hiyo kwanza izidishe mara mbili. Kisha ongeza kodi za bandari, bakshishi ya wahudumu (kampuni nyingi huikata moja kwa moja kwa kila mtu kila siku), intaneti, ziara za nchi kavu, tiketi za ndege, viza, bima na usiku wa hoteli. Kwetu sisi, meli yenyewe haikufika nusu ya gharama yote.

Vinywaji vihesabuni vizuri. Kampuni nyingi zikiuza kifurushi cha vinywaji vya kileo hutaka watu wazima wote wa chumba kimoja wakinunue, hata kama mmoja wenu hanywi. Kama wote hamnywi, msikubali kukiwekewa kwenye oda. Chai, kahawa ya kawaida, maji na sharubati ya asubuhi kwa kawaida vimo ndani ya nauli.

Chumba: cha ndani kisicho na dirisha ndicho nafuu, na Juni kina faida ambayo mawakala hawaitaji, kwamba kina giza la kulalia. Cha dirisha kinatosha kwa wanandoa wengi. Roshani ni tamu siku ya kuingia Stockholm. Siku nyingine upepo ni baridi mno kukaa nje muda mrefu. Chochote mtakachochagua, ombeni cha katikati ya meli na sitaha ya chini, maana kuyumba huko ni kudogo, na tazameni kwenye ramani ya meli kilicho juu yenu. Chumba kilicho chini ya ukumbi wa dansi hakina usingizi.

Kadi ya benki ni jambo la kulishughulikia wiki tatu kabla. Siku ya kwanza melini kadi yetu ilikataa, kwa sababu benki yetu ya nyumbani haikuwa imeifungulia matumizi ya nje, ingawa tulikuwa tumejaza fomu. Tulisimama kaunta dakika 40 tukipiga simu. Nendeni tawini, mfunguliwe mbele ya macho yenu, na mwe na kadi mbili za akaunti tofauti. Mjue pia kwamba meli huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana, na ikiwa ni kadi ya akaunti ya akiba, fedha hizo huchelewa siku kadhaa kuachiliwa.

Hatua ya 3: Viza

Denmark, Uswidi, Ufini, Estonia, Latvia, Polandi, Ujerumani na Norwei zote zimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza moja inawatosha. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anaihitaji. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, mbali na malipo ya kituo cha kupokea maombi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe zaidi ya siku 15 kabla. Kwa uzoefu wangu, omba nafasi ya miadi mara tu mkishalipa amana ya meli, kwa sababu miadi ya miezi ya joto hujaa.

Swali linalowatatiza wengi ni hili: nchi sita, ubalozi upi? Kanuni ni nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi; zikilingana, ile mnayoingilia kwanza. Kwa safari ya meli siku zinagawanyika vipande vipande, ndipo maofisa wanapouliza maswali. Njia iliyotusaidia ni kulala usiku mbili hotelini Copenhagen kabla ya kupanda meli na usiku mmoja baada ya kushuka. Kwa hapo Denmark ikawa wazi kuwa ndiyo nchi kuu, na fomu ikajazika bila kigugumizi.

Ombeni viza ya kuingia mara nyingi hata kama ratiba yenu yote imo ndani ya Schengen. Kama safari inagusa bandari ya Uingereza, basi hilo ni lazima, na Uingereza yenyewe ina viza yake.

Bahasha yenu iwe na: pasipoti zenye kurasa mbili wazi na uhai wa miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka Ulaya, uthibitisho wa meli unaoonyesha majina yenu wote wawili na bandari zote kwa tarehe, hoteli, ndege, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, barua za kazi au leseni ya biashara, na cheti cha ndoa. Hapo kwenye cheti pana jambo la majina. Mama ambaye pasipoti yake bado ina jina la baba yake aandikishwe melini kwa jina hilohilo la pasipoti, herufi kwa herufi, na cheti ndicho kitakachoeleza uhusiano wenu. Waliofunga ndoa msikitini au kimila wakabaki na karatasi ya kienyeji, washughulikie cheti cha serikali miezi mingi kabla.

Tangu Oktoba 2025 nchi hizi zimeanza pia kuwasajili wageni mpakani kwa alama za vidole na picha ya uso badala ya muhuri wa pasipoti. Tengeni muda wa ziada uwanjani mnapoingia.

Hatua ya 4: Fikeni mapema

Msisafiri siku ileile ya kupanda meli. Kutoka Dar es Salaam au Nairobi mtaunganisha Addis Ababa, Istanbul, Doha au Amsterdam, na ndege moja ikichelewa, meli haiwasubiri. Usiku mbili Copenhagen ni bima, na ni starehe pia. Uwanja wa Kastrup umeunganishwa na mji kwa metro ya kama robo saa.

Nendeni Nyhavn asubuhi kabla ya makundi kufika. Ni mfereji uliochimbwa miaka ya 1670 ili meli ziingie hadi moyoni mwa mji, na nyumba zake za rangi ya haradali na matofali zimepangana kama kanga dukani. Kisha fuateni ukingo wa maji kuelekea kaskazini. Mtapita maghala marefu, mojawapo likiwa Ghala la West Indies, lililowekea sukari iliyolimwa na Waafrika waliotumikishwa kwenye visiwa vya Karibi ambavyo Denmark iliviuzia Marekani mwaka 1917. Kila mtalii anaharakia sanamu ya nguva iliyo mbele kidogo, yenye kimo cha mita moja na robo tu. Mimi ningewaomba msimame kwanza kwenye ghala. Utajiri wa mji ule ulipita mlango huo, na mwenye asili ya bara letu ana haki ya kuusoma mji kuanzia hapo.

Hatua ya 5: Mizigo

Sweta, koti la kuzuia upepo na mvua, viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yenu. Mitaa ya mawe haisamehi viatu vipya. Kwa ile jioni ya mavazi rasmi, kanzu na koti, au gauni la kitenge lililoshonwa vizuri, vinakubalika kabisa. Mke wangu alisimamishwa mara tano akiulizwa kuhusu kitambaa chake. Dawa ziwe kwenye begi la mkononi. Chupa tupu ya maji pia, kwa matumizi ya msalani, maana huko ni karatasi tu. Na kitambaa cheusi cha macho, kwa usiku usio na giza.

Hatua ya 6: Siku ya kupanda

Mkifika chumbani, kabla hamjafungua masanduku, tafuteni kituo chenu cha dharura. Zoezi la usalama ni lazima kwa kila abiria kabla meli haijaondoka, na watu wengi hulifanya kwa haraka ili wakimbilie bafe. Sisi tunaoikumbuka MV Bukoba ya Mei 1996 na Spice Islander ya Septemba 2011 hatuna ruhusa ya kulidharau. Tembeeni kwa miguu kutoka chumbani hadi kituoni, mara mbili, mara ya pili kwa ngazi. Gusa jaketi okozi kwa mkono wako mwenyewe, ujue liko wapi.

Halafu saa. Hapa Mswahili anahitaji tahadhari yake pekee. Karatasi ya kila siku itaandika kwa mfano kwamba wote mwe melini 16:30, au 4:30 jioni. Hiyo kwetu ni saa kumi na nusu. Mke wangu aliinakili kwenye daftari “4:30”, na mchana wake nikaisoma “saa nne na nusu”, nikadhani tuna jioni nzima mbele yetu. Alinisahihisha tukiwa bado kwenye gati. Tangu hapo tuliandika saa zote kwa mfumo wa saa 24, na pembeni kwa maneno ya Kiswahili.

Meli ikielekea Ufini na Estonia, saa husogezwa mbele kwa saa moja. Wakati wa kiangazi saa ya Helsinki na Tallinn inalingana sawasawa na ya Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo hapo simu za nyumbani hazina hesabu. Stockholm, Copenhagen na Gdańsk ziko nyuma kwa saa moja.

Zimeni data ya simu kabla ya kung'oa nanga. Mtandao wa simu wa melini unapitia setilaiti na unatoza kwa bei ya kutisha. Kadi moja ya intaneti ya Ulaya mkiinunua Copenhagen itafanya kazi bandari zote.

Hatua ya 7: Chakula na ibada

Chakula halali kiombeni kwa maandishi wakati wa kulipia, kisha mkumbusheni msimamizi wa mezani usiku wa kwanza. Pasipokuwa nacho, samaki na mboga havikosekani, ila ulizeni mchuzi umepikwa na nini, kwa kuwa mvinyo hutiwa kwenye michuzi mingi.

Kibla huko ni upande wa kusini-mashariki, lakini meli hugeuka, kwa hiyo dira ya simu iangaliwe kila sala. Kwa siku za katikati ya Juni weusi wa usiku haufiki, na Isha na Alfajiri huwezi kuzitenganisha kwa macho. Muulizeni mapema mwanachuoni mnayemfuata. Stockholm pana msikiti mkubwa kisiwani Södermalm, karibu na uwanja wa Medborgarplatsen, ndani ya jengo lililokuwa kituo cha umeme.

Hatua ya 8: Bandarini, ziara ya meli au miguu yenu?

Kanuni yangu ni fupi. Gati likiwa karibu na mji, nendeni wenyewe. Gati likiwa mbali, ama mchukue ziara ya meli, ambayo hata ikichelewa meli huisubiri, ama mrudi saa mbili nzima kabla ya muda. Bebeni picha ya pasipoti na namba ya wakala wa bandari, ambayo huandikwa kwenye karatasi ya siku.

Stockholm. Kama mnafunga gati mjini, amkeni saa kumi alfajiri. Meli hupita saa kadhaa katikati ya visiwa, vingi sana, kama 30,000 kwa ujumla wake, vingine na nyumba moja nyekundu na gati dogo la mbao. Maji yametulia kama sinia. Bahari ya Baltiki haina kupwa na kujaa kunakoonekana. Mtu wa Tanga kama mimi, niliyezoea kuona mashua zimekaa juu ya mchanga mchana na zinaelea jioni, niliona gati zao zilivyo chini, karibu na uso wa maji, nikaelewa.

Kisha nendeni moja kwa moja makumbusho ya Vasa, mlango ukifunguliwa. Hiki ndicho kitu kimoja ambacho nisingekubali mkose. Vasa ilikuwa meli ya kivita ya mfalme wa Uswidi, ikiwa na mizinga 64. Tarehe 10 Agosti 1628 ilitweka tanga kwa mara ya kwanza, ikaenda kama mita 1,300, upepo ukailaza ubavu, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga ya chini, ikazama mbele ya watu wa mji. Ilikuwa nyembamba, nzito juu, na farumi yake, yaani uzito wa chini wa kuituliza meli, haikutosha. Hata farumi zaidi ingeongezwa, yale madirisha ya chini yangekaribia maji. Kabla ya safari walikuwa wameijaribu kwa kuwakimbiza mabaharia 30 kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na baada ya mara tatu wakasimamisha, kwa hofu kwamba ingepinduka hapohapo gatini. Hakuna aliyethubutu kuizuia isiondoke.

Ilikaa chini miaka 333 hadi ilipoinuliwa Aprili 1961, na zaidi ya asilimia 95 ya mbao mnazoziona ni zilezile. Sababu inamgusa yeyote aliyekulia karibu na majahazi. Maji ya huko yana chumvi kidogo mno, kama sehemu 6 kwa 1,000, wakati bahari kuu ina 35, na yule mdudu atobolaye mbao za vyombo, anayewafanya mafundi wetu wapake deheni kila mara, haishi humo. Nilisimama chini ya tezi, upande wa nyuma wa meli, nikatazama juu ghorofa kwa ghorofa simba na askari waliochongwa, hadi shingo ikauma. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya jiwe la maelezo, amenyamaza.

Nje ya makumbusho, hatua chache, kuna kumbukumbu ya meli nyingine: Estonia, iliyozama usiku wa Septemba 28, 1994 ikitoka Tallinn kuja Stockholm, ikachukua watu 852. Majina yamechongwa kwenye kuta za mawe. Mke wangu ni mtu wa Mwanza. MV Bukoba ilipozama alikuwa msichana wa shule, na mtaani kwao maturubai ya misiba yalifungwa nyumba kwa nyumba. Alipitisha kidole kwenye majina, moja baada ya jingine, majina asiyoweza kuyatamka, na hatukwenda popote kwa karibu nusu saa. Tulikuwa tumepanga boti ya kuzunguka mifereji, tuliiacha.

Mchana ingieni Gamla Stan, mji mkongwe. Kichochoro cha Mårten Trotzig kina upana wa sentimita 90 mahali pembamba, wapita Mji Mkongwe wa Unguja watatabasamu. Kwenye uwanja wa Stortorget kuna makumbusho ya Nobel, na humo anatajwa mzaliwa wa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah, mshindi wa fasihi wa mwaka 2021. (Safari yenu ikigusa Oslo, kituo cha Nobel ya Amani kiko palepale bandarini, na Wangari Maathai wa Kenya, wa mwaka 2004, yumo.) Uswidi lipieni kwa kadi, maduka mengi hayapokei noti kabisa.

Tallinn. Msilipie ziara. Kutoka gatini fuateni watu hadi mnara mnene uitwao Margareeta, penye lango la pwani. Kando yake kuna upinde wa chuma uliokatika katikati: nayo ni kumbukumbu ya meli ya Estonia, upande huu wa safari ileile. Tulikuwa tumeona mwisho wake Stockholm; hapa tukaona mwanzo. Ingieni lango, mfuate mtaa wa Pikk, nyumba za wafanyabiashara mkono huu na huu, zikiwa na kapi juu kabisa za kuinulia magunia ghalani. Kanisa la Olaf lina mnara wa karibu mita 124 na ngazi zake ni nyembamba. Mwenye magoti mabovu abaki chini. Uwanjani pana jumba la mji lililokamilika 1404, na pembeni yake duka la dawa lililotajwa kwenye maandishi tangu 1422 na bado linauza dawa. Sisi tulinunua dawa ya kikohozi, kwa sababu tulikuwa na kikohozi. Malizieni juu, kilimani Toompea, kwenye roshani ya Kohtuotsa, mwone mapaa mekundu na meli yenu kwa mbali. Huo mwonekano ndio uliotufanya tusahau gharama.

Helsinki ni mji wa karne ya 19, mpana na mtulivu. Chukueni kivuko kutoka soko la bandarini, kama robo saa, hadi ngome ya Suomenlinna iliyoanzwa 1748, mkae kwenye nyasi na mikate yenu. Inatosha.

Gdańsk kuna crane ya mbao ya miaka ya 1440, iliyonyanyua mizigo kwa nguvu za watu waliotembea ndani ya magurudumu makubwa. Mjue kwamba mji huu ulivunjwa mwaka 1945 na mengi mnayoyaona yamejengwa upya, na kwangu hilo linaongeza heshima. Wenye muda waende kwenye lango la karakana ya meli, ambapo Agosti 1980 wafanyakazi waligoma na kuzaa chama cha wafanyakazi cha Solidarność.

Lübeck ndiyo iliyokuwa malkia wa umoja wa miji ya biashara, Hanse, kwa karne kadhaa. Lango la Holstentor limeinama kwa uzito wake kwenye udongo laini. Maghala ya chumvi yako kando yake. Bila chumvi ile samaki wa kaskazini wasingefika sokoni bila kuoza.

Hatua ya 9: Kukaa wawili

Chumba cha melini ni kidogo kuliko mnavyodhani, na siku kumi ni nyingi. Tuliwekeana utaratibu: kila bandari kila mmoja anachagua kitu kimoja, na mwenzake anakwenda bila kununa. Yeye alichagua masoko na bustani, mimi meli na maghala. Siku moja ya baharini kila mtu alikuwa peke yake hadi adhuhuri. Jioni tulikuwa na mengi ya kusimuliana.

Hatua ya 10: Kushuka

Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango na lebo za rangi, yakachukuliwa. Bakizeni ndani nguo za kesho, viatu, dawa na pasipoti. Wapo walioshuka na kandambili. Hakikini bili yenu usiku huohuo kwenye runinga ya chumbani, maana asubuhi foleni ya kaunta ni ndefu. Tiketi ya ndege isiwe kabla ya saa saba mchana (13:00), na kama mmepanga ule usiku mmoja wa Copenhagen, ipeni hoteli masanduku yenu, mrudi Nyhavn mkanywe kahawa bila kutazama saa.